Nani Afe Mwishoni? Karne ya Mahaba Yaliyopitiliza Kwenye Sinema

Mwaka 1987 studio ya Paramount ya Marekani ilikuwa na filamu iliyokwisha kupigwa, kuhaririwa na kutiwa muziki. Kilichobaki ni kuipeleka sokoni. Lakini watu walioalikwa kuitazama kwa majaribio walitoka ukumbini wakinung'unika. Filamu yenyewe ni Fatal Attraction, iliyoongozwa na Adrian Lyne. Dan Gallagher, mwanasheria wa New York mwenye mke na mtoto, analala na Alex Forrest, mhariri wa kampuni ya vitabu, mwishoni mwa juma mkewe akiwa safarini. Kwake yeye lilikuwa jambo la kupita. Alex hakukubali kupitwa. Anapiga simu usiku, anamfuata nyumbani, anasema ana mimba, na mwisho anamchemsha sungura wa mtoto kwenye sufuria.

Katika mwisho wa awali Alex anajikata koo kwa kisu chenye alama za vidole vya Dan, opera ya Madama Butterfly ikisikika nyuma yake, na polisi wanakuja kumchukua Dan. Watazamaji wa majaribio hawakuutaka mwisho huo. Walitaka mwanamke yule auawe, tena auawe mbele ya macho yao. Glenn Close, aliyeigiza kama Alex na ambaye kabla ya kupiga picha alikwenda kuzungumza na madaktari wa akili ili amwelewe mtu wa namna ile, alipinga sana. Hakufua dafu. Wakapiga upya: Alex anaingia bafuni na kisu, Dan anamzamisha kwenye beseni la kuogea, anaibuka tena kama jini, na mke wa ndoa anammaliza kwa risasi. Filamu ikaingiza zaidi ya dola milioni 300 duniani na kuteuliwa kuwania tuzo 6 za Oscar.

Kisa hiki kinatoa ufunguo wa mambo mengi. Ukiwafuatilia wapenzi waliopitiliza katika sinema, tangu picha zisizo na sauti mpaka simu za mkononi, utaona kwamba unafuatilia miisho iliyobadilishwa. Kitabu kinasema hivi, filamu inasema vile. Mwongozaji anakata, mtayarishaji anaunga, serikali inazuia, watazamaji wanadai. Na mabadiliko hayo hayaendi ovyo. Mwanamume aliyependa mpaka akadhuru hupunguziwa hatia, na aghalabu hupewa machozi yetu pia. Mwanamke aliyefanya hivyo hivyo huongezewa adhabu. Wapo waongozaji waliokataa kufuata mkondo huo, na kwa maoni yangu ndio waliotuachia kazi bora.

Kamera ilikuta mambo yamekwisha kupangwa. Waarabu walikuwa na Qays, kijana wa Banu Amir aliyempenda Laila mpaka watu wakamwita Majnuni. Nizami wa Ganja akakitungia kisa hicho utenzi mkubwa wa Kiajemi mwaka 1188, na kutoka hapo kikasambaa hadi India na pwani yetu. Majnuni anakimbilia jangwani, anaishi na wanyama, Laila anaozwa kwa mwingine, wote wawili wanakufa. Madhara ni makubwa, lakini Majnuni hamgusi Laila. Ulaya ya karne ya 19 ilileta mtu wa namna nyingine. Mwaka 1845 Mfaransa Prosper Mérimée alichapisha kisa cha Carmen, na mwaka 1875 Georges Bizet akakifanya opera. Askari Don José anampenda Carmen, anaacha jeshi kwa ajili yake, anageuka mhalifu, na Carmen anapomwambia mapenzi yamekwisha, anamchoma kisu.

Opera hiyo ilionyeshwa kwanza katika ukumbi wa Opéra-Comique mjini Paris, mahali ambapo familia za heshima zilipeleka vijana wao kukutanishwa na wachumba. Adolphe de Leuven, mmoja wa wakurugenzi wawili wa ukumbi, aliona haiwezekani mtu auawe jukwaani mbele ya familia hizo, na hatimaye akajiuzulu. Bizet hakubadili mwisho. Alifariki miezi mitatu baada ya onyesho la kwanza, akiwa na miaka 36, asijue kwamba Carmen angekuja kuuawa mara nyingi kuliko karibu mwanamke mwingine yeyote wa hadithi.

Sinema ilimrukia. Mwaka 1915 peke yake zilitoka Carmen mbili za Marekani zikishindana: moja ya Cecil B. DeMille, aliyemwajiri mwimbaji mashuhuri wa opera Geraldine Farrar aigize katika filamu isiyotoa sauti (jambo ambalo mpaka leo linachekesha), na nyingine ya Raoul Walsh akiwa na Theda Bara. Haukupita muda Charlie Chaplin naye akatoa mzaha wake. Katika ule mzaha anamchoma Carmen kisu, anajichoma mwenyewe, wanaanguka wote, halafu wanainuka wakicheka na kutuonyesha kwamba kisu ni cha kuigizia. Sijui kama Chaplin alikusudia zaidi ya kichekesho, lakini huo ni miongoni mwa miisho michache ambayo Carmen alitoka mzima.

Theda Bara alikuwa ameanza mwaka huo huo na A Fool There Was, filamu ya mwanamke anayewanyonya wanaume mali na akili kisha anawatupa. Angalia ujanja uliopo hapo. Mwanamume ndiye aliyemwacha mke na mtoto, ndiye asiyeweza kujizuia, lakini filamu inamwita mwanamke ndiye balaa. Don José ndiye mwenye kisu, lakini hadithi inaitwa Carmen, na mtazamaji anatoka ukumbini akisema mwanamke yule alijitakia.

Mfano mkubwa zaidi wa mtindo huo ulitoka Ujerumani. The Blue Angel ya Josef von Sternberg, iliyozinduliwa Berlin mwaka 1930, inamhusu Profesa Rath, mwalimu wa sekondari mkali anayekwenda kilabu cha usiku kuwakamata wanafunzi wake na kunaswa yeye. Anamwoa mwimbaji Lola, yaani Marlene Dietrich, anapoteza kazi, anaishia kuwa kikaragosi jukwaani anayevunjiwa mayai kichwani na kuwika kama jogoo mbele ya watu wa mji wake mwenyewe. Usiku huo anajaribu kumnyonga Lola. Wanamzuia. Baadaye anaachiliwa, anarudi kwenye darasa lake la zamani na kufa ameshikilia meza ya mwalimu. Katika riwaya ya Heinrich Mann ya mwaka 1905, ambako filamu imetoka, mambo hayaishi hivyo: mwalimu anaishi, anafungua nyumba ya kamari na mkewe, anawavuruga vigogo wa mji na mwisho wanatiwa mbaroni pamoja. Riwaya ilikuwa inaucheka mji mzima. Filamu ilifuta kicheko hicho, ikamfanya mtu aliyetoka kumkaba mkewe koo kuwa shahidi wa mapenzi. Ni filamu nzuri sana, na kwa sababu ni nzuri ndiyo maana hila yake haionekani haraka.

Mwaka 1939 Hollywood ilifanya jambo la wazi zaidi. Wuthering Heights, riwaya ya Emily Brontë ya mwaka 1847, ina sehemu mbili. Ya kwanza ni mapenzi ya Heathcliff na Catherine. Ya pili ni kisasi: Catherine amekwisha kufa, na Heathcliff anawatesa waliobaki, mke wake, mtoto wake mwenyewe, mtoto wa Catherine. Anaoa kwa chuki na anaozesha kwa nguvu. Yeyote aliyesoma sehemu hiyo hawezi kumwita Heathcliff mpenzi bila kusita. Filamu ya William Wyler iliitupa karibu yote. Laurence Olivier akabaki na uso mzuri, upepo na huzuni. Hata hivyo mtayarishaji Samuel Goldwyn hakutosheka; hakutaka watazamaji waondoke na maiti machoni. Akaamuru iongezwe picha ya mizimu ya wapenzi wawili ikitembea pamoja kilimani. Wyler alikataa kuipiga, ikapigwa na mwingine, waigizaji wa badala wakionekana kwa mgongo. Vizazi vya watu vimemjua Heathcliff kwa picha ile na havijawahi kusikia habari za wale watoto.

Vita vya pili vya dunia vilileta giza jipya kwenye filamu za Marekani, na ndani ya giza hilo zikatoka kazi mbili ambazo ni vema kuzitazama usiku mmoja. Gaslight ya George Cukor ya mwaka 1944, iliyotokana na mchezo wa jukwaani wa Patrick Hamilton wa 1938, inamweka Ingrid Bergman ndani ya nyumba na mume anayemshawishi kidogo kidogo kwamba anachanganyikiwa. Anaficha vitu na kusema mke ndiye aliyevipoteza. Taa za gesi zinafifia, naye anasema hazijafifia. Kwa haki, mume huyu anavipenda vito vilivyofichwa darini kuliko anavyompenda mkewe, lakini hila zake ni zile zile za mtu anayetaka kummiliki mwenzake: mtenge na ndugu, mtie shaka, uwe wewe tu unayemwambia lipi ni kweli. Mwisho wa Gaslight ni miongoni mwa miisho michache ya wakati ule inayomlipa aliyedhulumiwa. Mume amefungwa kwenye kiti, mke ana kisu mkononi, mume anaomba akatwe kamba. Mke anamjibu kwamba yeye ni mwendawazimu, atawezaje kumsaidia? Bergman alipata Oscar.

Ya pili ni Leave Her to Heaven ya John M. Stahl, ya mwaka 1945, yenye rangi za kupendeza mpaka inatisha. Ellen, aliyeigizwa na Gene Tierney, anampenda mumewe kiasi cha kutotaka kiumbe mwingine apumue karibu naye. Kuna tukio moja ziwani ambalo ukiliona halikutoki. Danny, mdogo wa mume, kijana mlemavu wa miguu, anajaribu kuogelea. Ellen anamfuata kwa mashua akiwa na miwani ya jua. Kijana anachoka, anaita, anazama. Ellen hasogei. Hakuna muziki. Baadaye anajiangusha ngazini ili mimba itoke, kwa kuwa mtoto naye angemgawia mume, na mwisho anakunywa sumu na kupanga ushahidi ili ionekane ameuawa na mwanamke anayemshuku. Kujiua ili mwingine ashtakiwe: kile walichokikataa watazamaji wa 1987 kilikuwa kimekwisha kuonyeshwa miaka 42 kabla. Tofauti ni kwamba Ellen hana kidonda chochote kinachoelezwa. Filamu inadokeza tu kwamba alimpenda mno baba yake, ikaishia hapo.

Sasa tufike mwaka 1958, ambako ningependa kukaa kidogo, maana ndani ya mwaka huo mmoja miji miwili isiyojuana ilitoa filamu mbili za mtu anayependa picha aliyoichora kichwani badala ya mwanamke aliye mbele yake.

Mji wa kwanza ni San Francisco. Katika Vertigo ya Alfred Hitchcock, mpelelezi mstaafu Scottie anaajiriwa kumfuatilia mke wa rafiki yake, anampenda, kisha anamwona akianguka kutoka kwenye mnara wa kanisa. Baadaye anakutana na Judy, muuza duka anayefanana naye. Yanayofuata ni mateso ya polepole: Scottie anamnunulia suti ya kijivu aliyoivaa marehemu, anamlazimisha apake nywele rangi, azifunge vile vile. Judy anamwomba ampende alivyo. Scottie anajibu kama mtu aliyekwenda kwa fundi cherehani. Ni kweli kwamba Judy alikuwa sehemu ya njama ya kumdanganya, na Hitchcock anatueleza hilo mapema kuliko kitabu, jambo linalotufanya tumwonee Judy huruma. Lakini mwishoni Hitchcock anajikwaa. Katika riwaya ya Boileau na Narcejac, ambako hadithi imetoka, mwanamume anamnyonga mwanamke kwa mikono yake. Katika filamu, Judy anashtuliwa na mtawa anayetokea gizani na kuanguka mwenyewe mnarani. Mikono ya James Stewart, kipenzi cha Wamarekani, ikabaki safi. Mwaka 2012 wahakiki waliopigiwa kura na jarida la Sight and Sound waliitaja Vertigo kuwa filamu bora kuliko zote duniani.

Mji wa pili ni Cairo. Youssef Chahine alipiga Bab el-Hadid ndani ya stesheni kuu ya reli, na akaigiza yeye mwenyewe kama Qinawi, muuza magazeti mwenye mguu mbovu anayelala kwenye kibanda alichokipamba kwa picha za wanawake zilizokatwa magazetini. Anamtaka Hannuma, muuza vinywaji anayewakimbia polisi na ndoo yake kati ya mabehewa. Hannuma, aliyeigizwa na Hind Rostom, ana mchumba, mpagazi anayewaunganisha wenzake waunde chama cha wafanyakazi. Anamtania Qinawi, anamhurumia, anamkataa. Qinawi ananunua kisu. Kwa makosa anamchoma mwanamke mwingine na kumtia kwenye sanduku la safari, kisha anamkamata Hannuma relini usiku. Chahine hamsamehe wala hamgeuzi jini. Anatuonyesha umaskini wake, kuchekwa kwake, upweke wake, na bado hatuachi tusahau kwamba aliyeshikiwa kisu shingoni ni Hannuma. Kinachomwokoa ni maneno ya mzee Madbouli, mwenye kibanda cha magazeti, anayemwambia Qinawi kwa upole kwamba atamwoza Hannuma leo leo, avae nguo ya arusi. Qinawi anainua mikono avikwe. Nguo ni ile ya kuwafunga wagonjwa wa akili. Watazamaji wa Misri waliokuja kutazama mapenzi na vichekesho waliikataa filamu hiyo, ikakaa miaka mingi kabla ya kupewa heshima yake. Kwangu mimi inaipita Vertigo, na sababu ni moja: ndani yake mwanamke ana kazi, ana ratiba, ana hasira, ana watu wake. Ukimtoa Qinawi, Hannuma bado ana hadithi.

Miaka ya 1970 ilileta Play Misty for Me, filamu ya kwanza kuongozwa na Clint Eastwood, ya mtangazaji wa redio anayeandamwa na msikilizaji wa kike. Mwanamke anaishia kuanguka kutoka genge la bahari, na hatuna haja ya kukaa hapo. Yenye uzito ni The Story of Adele H. ya François Truffaut, ya 1975, kwa kuwa ni ya kweli. Adèle Hugo, binti wa mwandishi Victor Hugo, alivuka bahari mwaka 1863 hadi Halifax, Kanada, kumfuata afisa wa jeshi la Uingereza aliyekwisha kumkataa. Akawaandikia wazazi kwamba wameoana. Akamfuata tena Barbados. Katika filamu Isabelle Adjani, akiwa na miaka 20 hivi, anapita barabarani na nguo zimechanika, yule afisa anamwita, naye anampita bila kumtambua. Mtu mwenyewe amekwisha kutoka moyoni, limebaki pendo tupu lisilo na mtu. Mwanamke mweusi wa kisiwani humo ndiye aliyemrudisha Ufaransa, mwaka 1872, naye akaishi katika nyumba za wagonjwa wa akili mpaka kifo chake mwaka 1915, mwaka ule ule wa zile Carmen mbili. Truffaut hakubadili mwisho. Hakumuua, hakumfufua.

Mwaka mmoja baada ya filamu hiyo ya Truffaut ilitoka Taxi Driver ya Martin Scorsese, na hapo madhara yakatoka nje ya ukumbi. John Hinckley aliitazama mara nyingi, akamng'ang'ania moyoni Jodie Foster, aliyeigiza humo akiwa mtoto, akamwandikia na kumpigia simu alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale. Tarehe 30 Machi 1981 alimpiga risasi Rais Ronald Reagan mjini Washington ili Foster amwone kuwa ni mtu. Msemaji wa rais, James Brady, aliumia kichwani na hakupona tena sawasawa. Kesi iliposikilizwa mwaka 1982, wazee wa baraza walionyeshwa filamu nzima mahakamani, na Hinckley akaonekana hana hatia kwa sababu ya wazimu. Watu huilaumu filamu hiyo kwa damu yake. Mimi ningeilaumu kwa dakika zake za mwisho: dereva aliyegeuka muuaji anapona, magazeti yanamwita shujaa, na msichana aliyemkataa anapanda teksi yake na kumwangalia kwa jicho jipya. Scorsese alikusudia kejeli. Kejeli ni lugha ambayo mtu kama Hinckley haisikii.

Sheria zilichelewa. Mwigizaji kijana Rebecca Schaeffer aliuawa mlangoni kwake Los Angeles Julai 1989 na mtu aliyemwandama kwa miaka mitatu. Mwaka uliofuata California ikawa jimbo la kwanza la Marekani kuandika kosa la kumwandama mtu. Uingereza ilitunga sheria yake ya usumbufu mwaka 1997. India iliongeza kosa hilo katika kanuni yake ya adhabu mwaka 2013. Kenya ililitaja katika Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015. Maana yake, kwa sehemu kubwa ya historia ya sinema, alichokuwa akikifanya shujaa barabarani, dirishani na kwenye simu hakikuwa na jina mahakamani.

Nimeitaja India, na hapo tunaingia nyumbani. Majumba ya Majestic na Empire kule Unguja, Avalon na Odeon kule Dar es Salaam, yalilelewa na picha za Kihindi kuanzia enzi za Raj Kapoor. Watu wasiojua neno la Kihindi walilia, waandishi wa taarabu wakachukua tuni. Na picha hizo zilikuwa na mpenzi wao wa kudumu: Devdas, mlevi wa riwaya ya Sarat Chandra Chattopadhyay ya 1917, aliyefanyiwa filamu tangu enzi ya picha zisizo na sauti, kupitia Saigal mwaka 1936 na Dilip Kumar mwaka 1955, mpaka Shah Rukh Khan mwaka 2002. Kwa kawaida anakumbukwa kwa kufia langoni kwa Paro. Husahaulika kwamba mapema alimpiga Paro usoni akamwachia kovu, naye Paro akalichukua kovu hilo kama kumbukumbu ya mapenzi.

Wale tuliozoea kibanda umiza tunajua kanuni: kuna steringi na kuna adui, na steringi hafi. Darr ya Yash Chopra, ya mwaka 1993, iliivuruga kanuni hiyo. Steringi alikuwa Sunny Deol, askari wa majini. Adui alikuwa Shah Rukh Khan, kijana mwenye kigugumizi anayempigia simu Kiran, anamtazama dirishani, anachonga jina lake kifuani kwa kisu. Anakufa mwishoni, kama inavyotakiwa. Lakini watazamaji walimshangilia adui. Deol amesema hadharani jinsi alivyoudhika kuona mwandamaji anatukuzwa, na hakufanya kazi tena na Chopra. Hapa mwisho haukubadilishwa na studio. Ulibadilishwa na viti vya mbele. Filamu ilisema mtu huyu ni hatari, ukumbi ukajibu kwamba huyu ndiye anayejua kupenda.

Sokoni, jibu hilo lilisikika vizuri. Mwaka 2019 Kabir Singh, filamu ya daktari mlevi anayemchagua msichana kama mtu achaguaye kiti na kumzaba kibao, ilikuwa miongoni mwa filamu zilizoingiza fedha nyingi zaidi India. Huyu hakufa. Alioa.

Afrika nayo ilimchukua Carmen. Joseph Gaï Ramaka wa Senegal alitoa Karmen Geï mwaka 2001, na Afrika Kusini ikatoa U-Carmen eKhayelitsha, ya Kixhosa, iliyoshinda Dubu wa Dhahabu mjini Berlin mwaka 2005. Zote mbili zinamuua. Ile ya Senegal ilizuiwa Dakar kwa sababu waumini walikasirishwa na kasida ya tarika ya Kimuridi iliyosikika mazishini. Kuhusu kisu hakuna aliyeandamana. Januari 2018, ukumbi wa opera wa Florence, Italia, ulithubutu kumpa Carmen bastola ampige Don José, kupinga mauaji ya wanawake. Usiku wa kwanza bastola iligoma kulia. Wahafidhina walicheka sana, lakini tiketi ziliisha.

Nje ya ukumbi hakuna aliyecheka. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2023 wanawake na wasichana 51,100 waliuawa na wenzi wao au jamaa zao, wastani wa 140 kila siku. Agnes Tirop, mwanariadha wa Kenya aliyetoka kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee, alikutwa ameuawa kwa kisu nyumbani kwake Iten Oktoba 2021. Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Uganda aliyetoka kukimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto na mwenzi wake wa zamani huko Trans Nzoia, akafariki hospitalini Eldoret tarehe 5 Septemba 2024. Sisemi waliowaua walifunzwa na filamu. Nasema kwamba tumelelewa tukimwogopa Alex na kisu chake huku tukimwimbia Heathcliff, ilhali hesabu za maiti zinasema kinyume.

Zipo dalili za kugeuka. Penn Badgley, aliyeigiza muuaji mpole wa mfululizo wa You uliotoka mwaka 2018, alilazimika kuwajibu mashabiki mtandaoni akiwakumbusha kwamba mtu wanayemtamani ni muuaji. Fatal Attraction ilirudi mwaka 2023 kama mfululizo wa televisheni, na safari hii Dan amekaa jela miaka 15. Lakini dalili ya kinyume ni kubwa zaidi. Raanjhanaa ya mwaka 2013 inamhusu Kundan, kijana wa Banaras anayemng'ang'ania Zoya tangu utotoni, anayejikata mkono akikataliwa, na ambaye ubishi wake unamgharimu maisha mwanamume aliyependwa na Zoya. Mwishoni Kundan anafia hospitalini. Agosti 2025 kampuni yenye haki za filamu hiyo iliirudisha kwenye majumba ya sinema kwa Kitamil ikiwa na mwisho mpya uliotengenezwa kwa akili mnemba: Kundan anafumbua macho, yu hai. Mwongozaji Aanand L. Rai na mwigizaji Dhanush walilalamika kwamba kazi yao imenajisiwa. Mpenzi wa Zoya, aliyekufa bila kosa, hakufufuliwa na mashine hiyo. Hakuna aliyeiomba.

Waandishi wa Bongo Movie na wa Riverwood, ninyi bado mna mikono yenu wenyewe. Mkifika ukurasa wa mwisho wa skripti, ulizeni yule aliyekataa amefika wapi, na mwandikieni kesho yake kwanza.